Sare Imevaliwa

Barua ya shule ililetwa nyumbani na Kitinda siku ya Jumatatu, lakini mama yake hakuiona mpaka Jumatano, kwa sababu ilikuwa ndani ya kiatu. Mtoto aliikunja mara nne akaitandika juu ya tundu la soli. Hakuwa na nia mbaya. Karatasi ilikuwa ngumu na nzuri, na shule haitoi karatasi za namna ile kila siku.

Jumatano jioni Mama alipokuwa anakung'uta viatu mlangoni, ikadondoka. Akaifunua, akaisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi akaisoma tena, maana kuna maneno ambayo hupungua makali ukiyasoma umekaa. Haya hayakupungua. Ijumaa saa tatu kamili asubuhi wanafunzi wote wa zamu zote mbili wafike kupigwa picha za mwaka. Sare kamili. Asiye na sare kamili atarudishwa nyumbani. Chini palikuwa na muhuri, na muhuri ulikuwa umegongwa kwa nguvu.

Asiyeijua nyumba ile angeuliza: sasa hapo cha kutisha ni nini? Cha kutisha kilikuwa "zamu zote mbili". Shule ilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, kwa hiyo wakubwa walisoma asubuhi, wadogo wakasoma mchana. Na nyumba ile ilikuwa na wasichana wawili na sare moja. Kifungua, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alikuwa darasa la saba na alisoma asubuhi. Kitinda, wa mwisho, alikuwa la nne na alisoma mchana. Kila mmoja alikuwa na shati lake jeupe na soksi zake. Lakini sketi ya buluu ilikuwa moja, na sweta yenye nembo ya shule ilikuwa moja, na kila siku saa sita na nusu vitu hivyo viwili vilihama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine nyuma ya vyoo vya shule, karibu na geti.

Mambo yalikwenda hivyo kwa mwaka wa pili sasa bila mtu kuambiwa. Kifungua alivaa sketi ya nyumbani chini ya ile ya shule, kwa hiyo kuvua hakukumwaibisha. Kitinda alikunja kiuno cha sketi mara mbili, akakibana kwa pini, akaingiza mikono ya sweta kwa ndani, akaenda darasani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata zilikuwa nne tu, baba, mama na wasichana wenyewe.

Wazo lilikuwa la Baba. Yeye alikuwa mlinzi wa mchana kwenye ghala la mbao, na kampuni yake ilitoa koti moja kwa kila lindo. Jioni alilivua likiwa bado na joto la mwili wake, akamkabidhi mlinzi wa usiku, wakatia saini kwenye daftari. Asubuhi mwenzake alimrudishia, nalo lina joto la mwili wa mwenzake. Wamefanya hivyo miaka sita na hawajawahi kugombana ila mara moja, juu ya karanga zilizoachwa mfukoni. "Sare ni ya lindo, si ya mtu," Baba hupenda kusema, na aliyasema haya kama mtu aliyeonja cheo.

"Baba Kifungua," Mama akamwambia alipoingia, "Ijumaa wanatakiwa wote wawili kwa wakati mmoja."

Baba akaisoma barua mpaka kwenye muhuri.

"Basi kuna mmoja hana lindo," akasema.

"Hakuna mtoto wangu atakayekosa picha."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na mumewe akaacha mzaha, kwani sauti ile aliijua. Mama alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka. Ofisini kwa Msimamizi wake kulitundikwa picha ya darasa la saba la zamani. Msimamizi alikuwa amekaa mstari wa mbele, kakunja miguu, watoto arubaini na wawili kwa jumla. Mama alisoma darasa lile lile, na kwenye ile picha hayumo. Kila mwisho wa mwezi alitia saini ya mshahara chini ya picha ile, na Msimamizi, bila ubaya wowote, humuuliza: "Hivi wewe siku ile ulikuwa wapi?" Naye hujibu kwamba alikuwa mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alirudishwa nyumbani kwa kukosa soksi. Ilimuuma siku ile akiwa na miaka kumi na minne, na iliendelea kumuuma. Ndiyo maana katika nyumba yake kulikosekana mengi, lakini soksi hazikuwahi kukosekana.

Alhamisi alfajiri alianza kwa jirani wa mlango wa pili, ambaye mwanawe alisoma shule hiyo hiyo. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa huruma. Akamwambia kwamba siku nyingine yoyote angempa sweta hata sasa hivi ikiwa mbichi kambani, lakini Ijumaa saa tatu wake avae nini? Mama akaona aibu kwa kutolifikiria hilo. Mtaa mzima ulikuwa na sweta zenye nembo, na kila moja ilikuwa na mwenyewe kwa saa ile ile. Za kununua ziliuzwa na ofisi ya shule peke yake, wiki ya kwanza ya muhula, na wiki ya kwanza ilikwisha kupita. Hata isingepita, mwisho wa mwezi ulikuwa mbali.

Saa sita, wakati wenzake wanakula, alikwenda shuleni kumwona mwalimu wa darasa la nne. Alipanga kuuliza kwa mbali, kama mtu anayepita tu. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari. Mama akamwamkia, akauliza kama picha zitapigwa watoto wote pamoja au darasa kwa darasa. Akaambiwa ni darasa kwa darasa, kuanzia la kwanza kwenda juu.

"Na kati ya la nne na la saba," Mama akauliza, "panaweza kuwa na muda gani?"

Mwalimu akainua macho kutoka kwenye madaftari. Hilo halikuwa swali la mzazi. Wazazi huuliza picha ni bei gani.

"Kama nusu saa hivi," akasema. "Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna, mwalimu. Nauliza tu."

Mwalimu akarudi kwenye daftari lake, akatia vyema viwili. Kisha, bila kuangalia juu, akasema mabenchi ya picha yatawekwa upande wa vyoo, kwenye kivuli, kwa hiyo watoto hawatakuwa na mwendo mrefu. Mama akashukuru akaenda zake. Alikuwa amekwisha fika barabarani alipojiuliza kwa nini ameambiwa habari za vyoo.

Jioni ile Baba alisimamia mazoezi. Pazia la kitanda ndilo lililokuwa ukuta wa choo, saa ya mkononi ikawa saa ya shule. Mara ya kwanza walitumia dakika moja na nusu na pini ikapotea chini ya kabati. Mara ya pili Kitinda alitoa kichwa kwenye mkono wa sweta. Mara ya nne walimaliza kwa sekunde arubaini, Baba akasema lindoni hutumia dakika mbili nzima, na hao ni watu wazima wenye tochi. Kitinda alicheka mpaka akakaa chini. Kwake yeye huu ulikuwa mchezo bora kuliko yote waliyowahi kucheza na baba yao.

Kifungua hakucheka.

"Na mimi nitakaa wapi mpaka zamu yangu ifike?"

"Chooni," Baba akasema.

"Nusu saa?"

"Kina mlango."

Kifungua akaitazama saa ya baba yake kana kwamba bado inahesabu. Akasema sawa. Mama aliyekuwa anapiga pasi alilisikia lile "sawa" likitoka, na alijua lina uzito gani, kwa sababu na yeye aliwahi kulisema kwa watu wengi. Akaikazania mikunjo ya kiunoni aliyoiacha Kitinda, akainyunyizia maji, akaipiga pasi mpaka sketi ikawa haina historia.

Ijumaa Mama alimwomba Msimamizi ruhusa ya saa moja, akisema mtoto anaumwa. Ulikuwa uongo ule ule wa zamani, ila safari hii umehamia kwa mtoto. Alitoka mbio na aproni yake ya kijani, akasimama nje ya uzio wa waya wa shule, upande wa vyoo.

Mambo yalianza vizuri kupita kiasi. Mwalimu Mkuu, mama mrefu mwenye miwani, alipita mwenyewe mbele ya kila darasa akikagua kola, kucha na nembo. Alipofika kwa Kitinda alimgeuza mabega, akamwambia vizuri. Darasa la nne likapanda kwenye mabenchi, Kitinda mstari wa pili, kidevu juu, amebana midomo kama mtu aliyebeba maji kinywani. Mpiga picha akapiga mbili. Kitinda akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nje ya uzio Mama akahesabu kimoyomoyo: hamsini na moja. Si mbaya. Kifungua akatoka na sketi isiyo na mkunjo na sweta iliyonyooka, akajiunga na wenzake bila kumtazama mtu. Darasa la saba likapangwa. Alikuwa mrefu, akawekwa mstari wa nyuma. Mpiga picha akapiga tatu, kwa kuwa kuna mvulana aliyefumba macho mara mbili.

Mama akashusha pumzi. Alikuwa hajaishusha tangu Jumatano. Akaanza kufikiria mashuka.

Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipopiga makofi. Akatangaza kwamba kazi imekwenda haraka, mpiga picha bado ana muda, na kwa hiyo mwaka huu, kwa mara ya kwanza, itapigwa picha ya shule nzima, iwekwe ofisini. Mpiga picha angepanda kwenye baraza la ghorofani. Madarasa yote yajipange uwanjani, wadogo wakae mbele chini, wakubwa wasimame nyuma, na viongozi wahesabu watu wao.

Kiongozi wa darasa la nne alikuwa binti hodari kuliko ilivyohitajika. Alihesabu mara mbili, akapungukiwa mmoja, akajua ni nani na yuko wapi. Akaenda chooni, akarudi amemshika Kitinda mkono. Kitinda alikuwa na shati jeupe, soksi nyeupe, na sketi ya nyumbani yenye maua ya njano.

Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaivaa tena.

"Wewe nimekukagua kwa mikono yangu asubuhi hii. Ulikuwa na sare. Iko wapi?"

Kitinda hakuwa mtoto wa uongo, na kwenye mazoezi hakuna aliyemfundisha la kujibu. Mazoezi yalikuwa ya kubadilisha tu. Akanyoosha kidole.

"Iko pale, mwalimu."

"Pale wapi?"

"Darasa la saba. Imevaliwa."

Mtu mmoja akacheka, likafuata darasa lake, na kicheko kikapita kutoka darasa hadi darasa mpaka wale wa la kwanza, ambao hawakujua kinachochekwa lakini hawakutaka kupitwa. Pembeni ya Kifungua watoto walisogea hatua moja kila upande, ili sweta ionekane vizuri.

Mama alishika waya wa uzio kwa vidole vyote. Uso ulimwaka. Alitaka kusema kwamba kosa ni lake, kwamba wasiwacheke hao bali wamcheke yeye, na mdomo ulifunguka kabisa, lakini sauti ilikataa kutoka. Alikuwa na miaka kumi na minne tena, amesimama nje ya geti, miguu mitupu ndani ya viatu.

Kifungua akatoka mstarini. Alivuka uwanja ule wote taratibu, shule nzima ikimtazama, akaanza kuvua sweta kabla hajafika.

"Avae yeye," akamwambia Mwalimu Mkuu. "Mimi nimeshapigwa na darasa langu."

"Na yeye pia ameshapigwa na lake."

"Najua, mwalimu. Avae tu."

Mwalimu Mkuu akairekebisha miwani. Inawezekana alikuwa anatafuta kanuni, na kanuni za shule zilikuwa nyingi, lakini hakuna iliyosema lolote kuhusu watoto wawili ndani ya sare moja. Mwalimu wa darasa la nne ndiye aliyesogea. Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anayejadili chaki. Alisema wanaosimama nyuma hawaonekani miguu, kwa hiyo yule mkubwa anaweza kubaki na sweta na kumpa mdogo wake sketi.

"Na huyu atakaa mbele bila sweta?" Mwalimu Mkuu akauliza. "Mstari mzima wana sweta, yeye peke yake hana?"

"Mimi naona kuna joto, Mwalimu Mkuu. Ningeshauri mstari wote wa mbele wavue."

Mwalimu Mkuu akalitazama jua. Lilikuwa jua la kawaida, tena la asubuhi. Akamtazama mwalimu, akawatazama wale wasichana wawili, mmoja na sweta mkononi na mwingine na maua ya njano.

"Kweli," akasema. "Kuna joto."

Amri ikatolewa. Mstari wa mbele, watoto kama hamsini, wakavua sweta wakazikalia. Sketi ikahama hapo hapo uwanjani, mbele ya shule nzima, na kwa kuwa Kifungua alikuwa na ya nyumbani chini yake, hakuna aliyeona cha kuona. Walitumia sekunde ishirini na nane. Mwalimu Mkuu akasema mzazi wa watoto hawa aonane naye Jumatatu. Kisha mpiga picha akaita kutoka juu, wote wakainua nyuso.

Mama alirudi kazini amechelewa dakika kumi na saba. Msimamizi akauliza mtoto anaendeleaje. Akajibu anaendelea vizuri.

Jumatatu alikaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu kwenye kiti kifupi, akaelezwa wajibu wa mzazi, akaitikia ndiyo mara sita. Akapewa hadi muhula ujao kupata sare ya pili. Hakulia pale. Alilia kidogo njiani, akajifuta, akaenda kwenye mashine yake.

Baada ya wiki mbili picha zikaja. Za kuchagua zilikuwa tatu, na uwezo ulikuwa wa moja. Kwenye ya darasa la nne Kitinda alipendeza sana. Ya darasa la saba ndiyo ya kuagia shule, na Kifungua hatapigwa nyingine. Baba na Mama walizitazama, kila mmoja akingoja mwenzake ataje. Kuchukua moja kulikuwa kumwacha mmoja. Mwishowe Kifungua mwenyewe akasema wachukue ile ya shule nzima, ambayo hakuna aliyeipanga, kwa sababu humo wamo wote.

Wote walikuwamo, ila kila uso ulikuwa sawa na punje ya harage. Baba aliichukua tochi ya lindoni akaikagua kama daftari la makabidhiano. Akampata Kitinda mbele, kakaa kwenye ncha ya sweta ya kiongozi wake, sketi ya buluu imetandazwa vizuri. Akampata Kifungua nyuma, sweta na nembo, hatabasamu lakini hakuinamisha kichwa. Akaendelea kumulika mpaka pembeni, na kidole chake kikasimama.

"Na huyu nje ya uzio ni nani?"

Mama akainama. Nyuma ya waya, kwenye pembe ya picha, alisimama mwanamke mwenye aproni ya kijani, vidole vimeingia kwenye uzio, mdomo wazi kama anayetaka kusema jambo. Kichwani alikuwa na kofia ya nailoni ya kufulia.

"Nilisahau kuivua kofia," akasema.

"Mama umo," Kitinda akasema. Akasogeza uso karibu zaidi na tochi. "Tena una sare yako mwenyewe."

Baba akasema kumbe. Mama aliishika ile picha muda mrefu, akiangalia pembe ile tu, mpaka Kifungua akainuka kwenda kugeuza chakula kilichoanza kushika chini ya sufuria.

Mwisho wa mwezi aliingia ofisini kutia saini ya mshahara. Msimamizi akamsogezea daftari, akajinyoosha kwenye kiti, macho yake yakapanda ukutani kama kawaida yake.

"Hivi wewe siku ile ulikuwa wapi?"

Mama akaitazama ile picha, watoto arubaini na wawili, miguu ya mstari wa mbele imekunjwa vizuri.

"Nilirudishwa nyumbani," akasema. "Sikuwa na soksi."

Akatia saini, akarudi kwenye mashuka.